Kungoja Mkono ya Gari Ipoe

Rafiki yangu, wewe mwenye naweza kukuachia funguo ya nyumba na sufuria iko kwa moto, kaa hapa karibu nikwambie kitu. Nimeacha kazi. Sijafukuzwa, na sijaiba kitu ya mtu. Daktari wa macho aliniangalia na ile taa yake ndogo, akaniuliza miaka hiyo yote nimekuwa nikiangalia nini, nikamwambia moto. Akasema basi mama, umeona ya kutosha. Kwa hivyo nimepeana holda, ile ya kushika rodi ya kuchomelea, nimepeana miwani nyeusi, na sasa niko hapa nyumbani Kitengela, mama wa miaka arobaini na kitu, nachagua maharagwe kama shosho mwenye wajukuu.

Naandika hii iwafikie pia nyinyi mmebaki kwa shedi ya mafundi. Mambo ya nani alilipwa nini na nani aliitwa fundi mkubwa siandiki, hiyo mnajua kubishana wenyewe. Nataka kuongea juu ya ile chuma ya chini ya gari yenye inashika tairi na kuiunga na bodi. Makanika wako na jina yake ya Kizungu, lakini sisi kwa shedi tuliita mkono, na mimi nitaita hivyo. Hiyo mkono ikipasuka tairi inalala, na gari inaenda penye inataka. Kazi yangu ilikuwa kuivalisha pleti ya chuma na kuichomelea ndio ivumilie barabara zetu. Hiyo tu. Kuna watu wamejenga daraja. Mimi nimeshona viraka.

Nilianza kwa shedi nikiuza githeri, mahindi na maharagwe. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, na Kitengela ilikuwa barabara moja, vumbi, ng'ombe zikienda kichinjio, na mafundi wachache wamekaa kando ya lami wakingoja gari zivunjike. Hazikukawia. Zilikuwa zinatoka Kajiado, Isinya, zingine mpaka upande wa Magadi na Ewuaso Kedong, na barabara za huko ndani unazijua. Mtu anafika akiendesha pole pole, tairi moja inaangalia Nairobi na ingine inaangalia Tanzania.

Fundi wa mikono alikuwa Mzee Mutiso. Mkamba mrefu, mwembamba, na maneno alikuwa nayo kidogo sana. Siku hiyo alikuwa na mkono kwa vaisi, ile ya kubana chuma, lakini vaisi yenyewe meno ilikuwa imeisha kama mzee wa kanisa, chuma inateleza. Akaniona nimesimama na sahani yake.

"Mama, weka hiyo chakula chini. Shika hapa."

Nikashika.

"Usiangalie moto."

Sasa wewe unanijua. Mtu akiniambia nisiangalie, shingo inageuka yenyewe. Niliangalia. Ilikuwa kitu nzuri sana, nyeupe, unafikiria mbinguni kumefunguliwa kadirisha, na nikasema Bwana asifiwe kwa sauti. Mutiso aliendelea kuchomelea. Alijua macho yangu itaongea baadaye.

Wakati huo nilikuwa nasoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima, jioni, kwa chumba ya nyuma ya kanisa. Nilienda siku hiyo na macho imejaa mchanga, nimeweka vipande vya waru, viazi mbichi, juu yake na kufunga na leso, maana jirani aliniambia waru inavuta moto. Mwalimu akasema, "Mama Sharon, tusomee sentensi ya pili."

"Mwalimu, leo nasikia tu."

Darasa yote ilicheka. Walifikiria nimejifunga leso ndio nisisome. Ni kweli sikuwa najua kusoma hiyo sentensi, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya maana.

Kesho yake nilirudi na githeri, na Mutiso akaninyooshea miwani nyeusi yenye kioo moja imepasuka. Hakuniuliza kama nataka kazi. Mimi pia sikuuliza kama ni kazi. Hivyo ndivyo niliajiriwa. Baba Sharon, bwanangu, alikuwa anafanya shifti huko kwa kiwanda ya simiti, na nilipomwambia nimeanza kuchomelea aliuliza tu, "Na githeri ni nani atauza?"

Mkono ya kwanza kufanya peke yangu, Mutiso alinionyesha jana yake: itoe kwa gari, isugue na brashi ya waya mpaka ing'are, halafu utoe bushi. Bushi ni ile raba iko kwa tundu ya mwisho, yenye inafanya gari isipige kelele. Nilisugua vizuri. Nikang'arisha. Bushi nikasahau. Nilipowasha moto, moshi nyeusi ikatoka ikajaa shedi, na raba inanuka vibaya.

Kariuki, makanika wetu mwenye alikuwa anafunga mikono kwa gari, akatoa kichwa chini ya stesheni wagoni. "Mama Sharon, unachoma nyama? Ngoja nilete kachumbari."

Mutiso akakuja, akaangalia, akanusa. "Hiyo imeiva," akasema, akarudi kwa kiti yake.

Kosa zingine nilizifanya kwa mpangilio, kama mtu anafuata ratiba. Kuna wakati niliona pleti ya milimita tatu ni ya watu wa imani ndogo. Nikatafuta kipande nene ya lori, nikaikata mraba, nikachomelea mkono mpaka ikawa nzito huwezi inua na mkono moja. Kariuki aliuliza kama natengenezea tingatinga. Lakini mwenye gari alifurahi, akaipiga piga na ngumi, akaniita fundi wa kweli. Alirudi na mkono ikiwa mzima kabisa. Penye ilikuwa imefungwa kwa chesisi ndio palikuwa pameraruka.

"Uliondoa shida hapa," Mutiso akaniambia, "ukapelekea jirani."

Akanionyesha vile pleti inakatwa. Kwanza unachora kwa katoni, unaweka juu ya mkono, unapunguza mpaka ilale vizuri. Miisho yake usiache mraba, maana kwa kona ya mraba ndio chuma inaanza kupasuka. Ikate iwe nyembamba pole pole, kama ulimi ya ng'ombe. Ukichomelea, fuata urefu ya mkono, usipite katikati ukiikata kama mkate. Na kwa ile upande inakuwa chini kabisa, toboa tundu ndogo ya kutoa maji. Mimi siku moja nilifunga mkono pande zote, hakuna hata mahali ya sisimizi kuingia, nikajisifu. Maji iliingia penye sikuona, ikakosa ya kutokea, na mvua ilipoisha Kariuki aliifungua ikamwaga maji na matope kwa kifua yake. Hakuniongelesha mpaka saa ya chakula. Tundu ni muhimu.

Lakini hayo yote mtu anaweza kufundishwa kwa wiki. Kile kilinichukua miaka ni kungoja.

Ukichomelea mkono moja kwa moja bila kusimama, joto inaipinda. Huioni na macho. Mutiso alikuwa na ubao nene ya kupimia, ameweka boliti na pini pale penye mkono inafaa kukaa. Kabla uchomelee unaweka mkono kwa ubao, inakaa. Ukimaliza unaiweka tena. Ikikataa kuingia kwa pini, umeipinda, na ukiifunga hivyo kwa gari tairi itasimama vibaya, italiwa upande moja, na stiaringi itavuta kwa mtaro. Na usiniulize kwa nini hatukuifunga hapo kwa ubao wakati wa kuchomelea ndio isipinde. Ubao ni mbao. Nilijaribu. Iliungua kidogo, na Mutiso alinikataza kukaribia hiyo ubao na kitu yoyote moto, hata chai.

Kwa hivyo unachomelea kipande kama urefu ya kidole gumba, unangoja. Unaenda upande ingine, kidole gumba, unangoja. Mutiso alikuwa anangoja na ugoro. Anachomelea, anaweka holda chini, anatoa kachupa kake, anamwaga kidogo kwa kiganja, anavuta, anapiga chafya, anafuta pua na machozi na kitambaa, anafunga kachupa. Akimaliza hiyo shughuli yote, chuma imepoa vile inafaa. Hakuwa na saa, na mkono yake hata moja sijawahi ona ikikataa kwa ubao.

Mimi sikuweza. Nilikuwa nahesabu kwa kichwa, nikifika mahali nasahau nilikuwa wapi, nachomelea. Mkono inapinda.

"Unakimbia kwenda wapi?" akaniuliza.

"Sina kitu ya kufanya nikingoja, Mzee."

Akanionyesha kachupa. Nikamwambia nimeokoka. Akafikiria kidogo. "Basi tafuta ugoro yako."

Nilitafuta. Kulikuwa na wimbo wa shukrani tulikuwa tunaimba kwa ushirika wa kina mama siku ya Alhamisi, na kina mama wetu, wengi miguu ikiwauma, walikuwa wanaimba pole pole sana. Beti moja tu, na chai inapoa. Nikajaribu: kidole gumba, beti moja. Kidole gumba, beti moja. Nikaweka kwa ubao, mkono ikaingia kwa pini kama imealikwa. Mutiso akaangalia, akaitoa, akairudisha. Akatikisa kichwa, akavuta ugoro. Huyo mzee kunisifu alijua hivyo tu.

Nilifanya hivyo miaka. Wateja walinizoea, yule mama wa kuimba. Sauti yangu si nzuri, niseme tu ukweli, na kuna dereva alikuwa anakuja na pamba ya masikio. Lakini mikono ilinyooka. Mwisho wa miaka ya tisini miguu ya Mutiso ilimshinda, akarudi kwao Makueni, akaniachia ubao, vaisi yake bila meno, na wateja. Nilijiona sasa mimi ni mtu. Nilianza hata kuongea kidogo kama yeye. Haikunikaa.

Halafu mikono ikaanza kupinda.

Moja, nikasema ni chuma mbaya. Ingine, nikasema ni stima, inapanda na kushuka. Nikabadilisha rodi. Nikabadilisha waya. Kariuki akawa anainua mkono kwa ubao na kuniuliza, "Mama Sharon, hii nayo imeona nini? Mbona imegeuza uso?" Ilipofika mahali hata nikilala naziona zimepinda, nikaelewa kwamba hii ni vita ya kiroho. Nilifunga kula. Nikakemea roho ya kupinda kwa jina, na nikapaka mashini ya kuchomelea mafuta ya upako.

"Mama," Kariuki akasema, "hiyo mashini haitumii mafuta ya saladi."

Ni wakati huo alikuja Parsimei.

Parsimei alikuwa mfanyibiashara wa mbuzi kutoka Ewuaso Kedong. Alikuwa ananunua mbuzi huko kwao, na wiki ingine upande wa barabara ya Magadi, anapanda nazo Kona Baridi na pikapu yake, mpaka kichinjio ya Kitengela. Nilikuwa nimemchomelea mikono mbili muda mfupi kabla ya hapo. Sasa alirudi, tairi za mbele zimeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia, na kando yake kwa kiti ameketi bibi yake, Nashipae, mjamzito, mkubwa sana, amejifunga shuka nyekundu na uso haina mchezo.

"Supa, yeiyo," Parsimei akanisalimia, maana yeye alikuwa ananiita mama kwa Kimaasai.

"Ipa. Karibuni. Hata mgonjwa umemleta?"

"Si mgonjwa," Nashipae akajibu mwenyewe. "Nimekuja kuona."

Kariuki akamletea stuli. Akakaa pale karibu na vaisi, mbali kidogo na moto, akaweka mikono juu ya tumbo.

"Kuona nini, mama yangu?" nikauliza.

"Kuona ikitengenezwa." Akaangalia gari, akaniangalia mimi. "Mtoto yangu ya kwanza, nilianza kuumwa usiku tukiwa kwetu. Gari ni hii tu inalala huko upande yetu. Ilikuwa imetengenezwa, niliambiwa iko sawa. Mkono ikakatika njiani, tukakaa hapo mpaka watu wa kuchunga ng'ombe wakatupata asubuhi. Mtoto alitoka, lakini hakulia."

Parsimei aliangalia chini.

"Si wewe ulitengeneza hiyo," akaendelea. "Ni mtu ingine. Lakini saa hii siku zangu zimekaribia, na sitaki kuambiwa tena iko sawa. Nataka kuona na macho yangu."

Rafiki yangu, nimekwambia vitu vingi vya kuchekesha, na nitaendelea, maana nikiacha kujicheka nitalia. Lakini hapo sikucheka. Niliomba ardhi ya Kitengela inimeze, na vile unajua ardhi yetu ni udongo nyeusi, wakati wa mvua ingekubali. Siku hiyo ilikuwa jua.

Mikono ya zamani ilikuwa imechoka, haiwezi kunyooshwa tena. Parsimei alikuwa ametafuta zingine mbili kwa watu wa skrepu Kajiado, na akasema hizo ndizo za mwisho wako nazo za gari kama hiyo. Tukapandisha pikapu kwa mawe. Kariuki akatoa za zamani. Nikaanza na ya kushoto. Nikasugua, nikatoa bushi, nikakata pleti ulimi ya ng'ombe, nikapima kwa ubao, ikakaa. Nikaomba. Nikachomelea na wimbo yangu, kidole gumba, beti, kidole gumba, beti, mpaka mwisho. Nikaweka kwa ubao.

Ikakataa.

Kariuki hata hakufanya mzaha, na hiyo ndio iliniogopesha. Tuliipasha moto, tukaigonga na nyundo pole pole mpaka ikarudi kwa pini, pleti ikabanduka upande moja. Mnajua mkono inakubali kurudishwa hivyo mara moja. Ukirudia, chuma inachoka, inapasuka ndani penye huoni. Kwa hivyo ya kushoto ilibaki na nafasi moja, na ya kulia haijaguswa, na mimi nimesimama katikati na holda.

"Yeiyo, kama haiwezekani tuambie," Parsimei akasema. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi angekuwa na hasira.

"Inawezekana," nikasema, kwa sauti ya mtu hajui. Nikavaa miwani. Nikachomelea kipande ya kwanza penye pleti ilibanduka, nikaweka holda chini, nikaanza kuimba.

"Wewe mama," Nashipae akasema, "ni nani anakufukuza?"

Nikageuka. "Nini?"

"Hiyo wimbo. Naijua, hata sisi tunaimba kanisa ya Ewuaso. Lakini wewe unaimba kama umeona fisi."

Kariuki akaanza kucheka chini ya gari.

"Hivyo ndivyo inaimbwa," nikamwambia, nimekasirika kidogo. "Na kinanda."

"Kinanda gani? Hapa kuna kinanda?"

Na hapo, rafiki yangu, kitu ikaanguka ndani ya kichwa yangu kama spana kwa sakafu. Kanisa yetu ilikuwa imenunua kinanda. Ile ya stima, yenye iko na ngoma ndani, unabonyeza inapiga yenyewe. Tukaletewa kijana wa kuicheza kutoka Nairobi, na yeye aliona kina mama wetu wanalala wakiimba, akatukimbiza. Wimbo wa shukrani ukawa wa kuruka ruka. Nilikuwa nimeingia kwaya. Nilikuwa naruka na wengine kila Jumapili, nafanya mazoezi Jumatano na Ijumaa, na hiyo wimbo nikaibeba vile ilivyo mpya nikaileta kwa shedi. Beti yenye ilikuwa inapoesha chai sasa haiwezi hata kupoesha kijiko. Mimi nimefunga, nimekemea, nimepaka mashini mafuta, na shetani mwenyewe amekaa huko akishangaa anaambiwa nini.

Niligusa chuma na nyuma ya mkono. Ilikuwa moto bado, moto sana.

"Nashipae," nikasema, "imba ya kwenu."

"Saa hii?"

"Saa hii. Vile mnaimba Ewuaso."

Akaniangalia kama mtu mwenye ameletwa kwa fundi mwenda wazimu. Akaangalia bwana yake. Parsimei akainua mabega. Akaanza kuimba kwa Kimaasai, sauti ya chini, pole pole, kila neno inakaa kwanza kabla ingine ifike. Beti ilienda, ikaenda. Mimi nilitaka kuchukua holda mara mbili, nikajizuia. Alipomaliza nikagusa chuma. Imepoa vile inafaa.

"Ngoja nichomelee, halafu uimbe tena."

"Utanichosha."

"Chomelea wewe basi, niimbe mimi."

Hapo ndio alicheka mara ya kwanza.

Tulienda hivyo. Kidole gumba, beti ya Kimaasai. Mkono ya kushoto, halafu ya kulia. Watu wa vibanda wakakuja kusimama. Mahali fulani Nashipae alisimamisha wimbo katikati, akashika stuli, akapumua, halafu akaendelea, na mimi na akili yangu yote nilifikiria ameshikwa na moshi. Mimi mwenye nimezaa watoto. Nilikuwa naona chuma tu.

Ya kushoto ikawekwa kwa ubao, ikaingia. Ya kulia, ikaingia. Kariuki akazitoa akazirudisha, kama Mutiso, akasema, "Sawa." Akaingia chini kufunga.

Alikuwa kwa boliti ya mwisho Nashipae akasimama kutoka kwa stuli, akajishika kiuno. "Parsimei," akasema, "ni leo."

Tulimkimbiza kwa kliniki ya karibu. Nesi akaangalia kadi yake, akasoma mambo ya mtoto wa kwanza, akasema huyu aende hospitali kubwa, Kajiado, na msikawie. Gari karibu ilikuwa ni hiyo pikapu, mikono yangu haijapakwa hata rangi. Nashipae akaniambia, "Panda."

"Mimi?"

"Si wewe ndio ulisema inawezekana? Panda."

Nikapanda na aproni yangu imetoboka matundu ya moto. Parsimei kwa stiaringi, Nashipae katikati, mimi kwa mlango. Wakati huo lami ilikuwa imechimbwa vipande vipande, unatolewa kando kwa murram, ile njia ya udongo, unarudishwa, unatolewa tena. Kila shimo nilisikia kwa meno yangu. Nilitoa kichwa nje ya dirisha kuangalia tairi ya mbele, vumbi inaniingia kwa mdomo, na naomba. Sikiliza vile nilikuwa naomba, ndio ujue nilivyo mjinga: niliombea chuma. Nilimkumbusha Mungu pleti ni ya milimita tatu, nikamkumbusha ile tundu ya chini. Mama anaumwa kando yangu, na mimi namwelezea Muumba kazi ya welding.

"Mama Sharon," Nashipae akasema, amekunja uso, "unaangalia nini huko nje?"

"Tairi."

"Iko?"

"Iko."

"Basi niangalie mimi sasa."

Nikaingiza kichwa. Akanishika kifundo ya mkono na nguvu sijawahi kushikwa nayo, hata na vaisi yenye meno, na tukaimba ile wimbo, yeye na lugha yake, mimi na yangu, pole pole, mpaka lango ya hospitali.

Wakamchukua na kiti ya magurudumu. Parsimei akaenda naye mpaka penye wanaume wanasimamishwa. Mimi nilibaki nje na gari. Ningefanya nini? Nilipanga kusali, na nilisali kidogo, halafu nikashindwa kuvumilia. Nikakunja sketi, nikalala chali kwa changarawe, nikaingia chini ya pikapu kugusa viungo vyangu na vidole, moja moja, kutafuta ufa.

Nikaona buti ya mlinzi. "Mama, toka chini ya gari. Wadi ya kina mama ni upande ule."

"Mimi si mgonjwa."

"Basi ni mwizi?"

"Ni fundi."

Akainama kuniangalia vizuri. Aproni, leso ya kichwa, vumbi kwa nyusi. "Fundi," akasema, kwa sauti ya mtu ameamua kuita mwenzake.

Sikuwa nimepata ufa hata moja. Nilikuwa bado nimelala hapo, najaribu kumweleza, niliposikia viatu za Parsimei zikikimbia. Zile za tairi, zinajulikana. Zikasimama kando ya kichwa yangu.

"Yeiyo, uko wapi?"

"Niko chini hapa."

Akachutama. Hakuniambia ni msichana ama ni kijana. Alisema tu, "Analia. Yeiyo, analia mpaka wamesema nimwambie mama yake amnyamazishe."

Niliinuka haraka, nikagonga kichwa kwa mkono ya kushoto. Haikusonga hata kidogo. Niliketi hapo kwa changarawe nikalia na mimi, na yule mlinzi akaniletea maji kwa kikombe bila kuuliza tena mimi ni nani.

Nilichomelea mikono mingi baada ya hiyo, miaka, mpaka macho ikasema imetosha. Nyingine zilinyooka, nyingine nilirudia. Sina mengine makubwa.

Sasa nakuomba. Ukimaliza kusoma, usiweke hii kwa kabati ama ndani ya Biblia. Peleka kwa shedi. Kuna mtu huko sasa hivi ameshika holda na ana haraka. Mwambie aweke chini kidogo, umsomee. Kama hajui kusoma, msomee mpaka mwisho, na usimharakishe. Yeye naye ampee mwenye anafuata. Karatasi ikirudi imejaa grisi na alama za vidole mpaka maneno haionekani, usiandike ingine mpya. Nitajua imefika.